Mto Uliokula Sakafu Yake

Siku mliponiaga pale ofisini, mlinipa khanga, jiko la gesi na kipaza sauti. Khanga na jiko nilivipokea vizuri. Kile kipaza sauti nilikirudisha haraka, nikasema asanteni, nikakaa, kwa sababu wali ulikuwa unapoa na mimi si mtu wa hotuba. Baadaye wawili watatu kati yenu, vijana wa upimaji wa mito, mkanifuata mkaniambia, "Mama Tausi, basi tuandikie." Nimekubali. Sasa niko nyumbani Dodoma, kuku wameshakula, mchana ni mrefu.

Sitawaandikia habari za vyeo. Vyeo vyangu vilikuja vimechelewa kama mvua zetu, na vilipokuja havikujaza chombo. Nitawaandikia kuhusu maji na mchanga, hasa mto mmoja ulionisumbua akili kuliko yote.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa mjini kabisa. Babu wa babu yangu alifika Dodoma na misafara ya wafanyabiashara, akachoka kutembea, akafungua duka. Tangu hapo ukoo wetu umeuza vitambaa, chumvi na sukari. Mto kwangu ulikuwa kile kitu kinachofunga barabara mwezi wa pili, lori la bidhaa za baba likakwama ng'ambo. Nilipopangiwa kazi ya kupima mito, mama aliuliza kama sikuwa nimekosa jambo shuleni.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kifupi, nikidhani nitakaa mezani. Mzee Chedego, ndiye niliyekabidhiwa kwake nijifunze kazi, alivitazama viatu vile kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hivyo vinaelea?"

"Sidhani, mzee."

"Basi vibaki kwenye gari."

Alikuwa Mgogo mwembamba, mwimbaji wa kwaya ya kanisani kwao, mtu wa maneno machache. Chombo chetu kikuu kilikuwa kipima-mwendo: propela ndogo ya shaba iliyofungwa kwenye fimbo ya chuma, unaizamisha majini, inazunguka, na kila mzunguko unausikia kwa mlio mdogo sikioni. Alikipakata safari nzima. Dereva akipiga shimo, yeye aliinua kile kisanduku kwanza, kichwa chake baadaye. Kabla ya chai ya asubuhi alikuwa ameshakitia mafuta.

Kwa wale kati yenu mliozoea vyombo vinavyopima vyenyewe na kutuma matokeo kwenye simu, kazi yetu ilikuwa hivi. Unavuta utepe kutoka ukingo hadi ukingo. Unaingia majini, unasimama mahali pa kwanza, unapima kina, unazamisha propela, unasikiliza milio. Unasogea hatua mbili, unarudia. Ukimaliza ng'ambo unajua mto unapitisha maji kiasi gani. Kazi hiyo huwezi kuifanya kila siku, kwa hiyo ukingoni unasimika ubao wa kipimo, wenye namba kama rula ndefu. Ukishapima mara nyingi, maji yakiwa mengi na yakiwa machache, unatengeneza jedwali: ubao ukisoma hivi, maji ni kiasi hiki. Kuanzia hapo unamwachia mwanakijiji asome ubao asubuhi na jioni, na jedwali linakwambia yaliyobaki.

Ni mpango mzuri, ila unategemea jambo moja ambalo hakuna anayelitaja: kwamba sakafu ya mto haiendi popote.

Siku ile ya viatu, Mzee Chedego aliniingiza kwenye mto wa mchanga, maji magotini, akaniambia nisimame tu.

"Unasikia nini chini?"

Nilisikia nyayo zinazama. Mchanga ulikuwa unatoroka, unapita katikati ya vidole, na nisipohama ningejikuta nimesimama shimoni.

"Unakimbia, mzee."

"Eeh. Mto una abiria. Watu huhesabu maji, wakasahau abiria."

Miezi michache baadaye tulikwenda kwenye bwawa la Mtera. Nilikuwa sijawahi kuona maji mengi namna ile, na wavuvi walinicheka nilivyoshika ukingo wa mtumbwi. Mzee Chedego alinipeleka kwanza mahali mto unapoingilia bwawani, maji mazito yenye rangi ya chai ya maziwa. Kesho yake akanipeleka chini ya ukuta, mto unakotoka. Maji yalikuwa ya kijani, nikiona vidole vyangu vya miguu.

"Wale abiria wako wapi?" akaniuliza.

"Wameshuka?"

"Wameshuka. Sasa jiulize, basi lililoshusha watu wote linafanya nini kituo kinachofuata?"

Nilifikiri ananitania. Alikuwa ananifundisha kwamba maji yana nguvu ya kubeba, na yakinyimwa mzigo, nguvu ile haipotei. Yatatafuta mzigo mwingine. Nililielewa jambo hilo kama mtu anavyoelewa somo la darasani, yaani nilipata jibu sahihi nikalala. Mzee Chedego alistaafu, akazeeka kwao akilima karanga, akafariki, Mungu amrehemu, kabla sijalielewa kwa miguu yangu.

Sasa nije kwenye mto wenyewe. Nitauita Chihembe, kwa sababu watu wake wako hai na hawajaniruhusu kuwataja, na majina yao pia nimeyabadilisha. Ni mto wa msimu, upande wa kaskazini ukielekea Haneti, pana, wa mchanga mweupe. Zamani kiangazi ulikuwa mkavu juu na una maji ndani. Akina mama walichimba visima vya mchangani kwa mikono na vibuyu, na ng'ombe wakanyweshwa humo humo. Likajengwa bwawa mkondo wa juu. Lilikuwa jambo jema, nasema hivyo mpaka leo. Bwawa lilihifadhi maji ya mvua, na kiangazi walifungua bomba la chini ya ukuta, mto ukapata kijito kinachotembea mwezi wa nane, jambo ambalo wazee hawakuwahi kuliona.

Watumiaji walikuwa wa pande mbili. Karibu na bwawa kulikuwa na wakulima wa bustani, wa nyanya na vitunguu, wanaovuta maji kwa pampu za petroli. Kiongozi wao alikuwa Bwana Hamisi, mtu wa mjini kama mimi, aliyeacha duka la baba yake akaenda kulima, ukoo mzima ukamwombea. Mbali zaidi chini kulikuwa na kijiji cha wakulima na wafugaji ambao hawakuwa na pampu. Wao walikuwa wamechimba mfereji unaochota maji mtoni na kuyapeleka mashambani yenyewe. Karibu na mdomo wa mfereji ule ndipo ulipokuwa ubao wetu, na aliyeusoma alikuwa Mama Yohana.

Mama Yohana alikuwa mjane mwenye sauti ya juu na mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikifika ananisalimia "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo ya watu wengi, hata nikiwa peke yangu, na mimi kwa Kigogo changu cha dukani namjibu "Mbukwa!", anacheka. Alikuwa na shamba lake kwenye mfereji, alilima mboga na mtama, na mlenda wake ulikuwa sababu mojawapo ya mimi kupenda kituo kile.

Pande mbili zile zilikuwa na makubaliano. Kwenye ubao kulikuwa na mstari mwekundu. Maji yakishuka chini ya mstari, watu wa bustani wazime pampu mpaka yarudi. Makubaliano mepesi, mtoto anaweza kuyaelewa, na kwa miaka kadhaa yalikwenda vizuri.

Kisha maji yakaanza kushuka chini ya mstari. Mwaka wa kwanza kidogo, wa pili zaidi. Watu wa bustani wakazima pampu, nyanya zikakauka, na maji hayakurudi. Kijiji cha chini kikasema wanazima mchana wanawasha alfajiri. Watu wa bustani wakasema msomaji wa ubao anaandika anachotaka. Mwishoni tulikuta hali imefika mahali pabaya: kuna pampu ilikuwa imetupwa mtoni, ng'ombe wa mtu wamefungiwa, na agizo limetolewa wilayani kwamba, kama ofisi yetu ikithibitisha maji yanaibwa, bustani zote zing'olewe kabla ya msimu.

Nilitumwa pamoja na Injinia Neema. Wakati ule alikuwa mgeni ofisini, binti mwenye maswali mengi na buku la njia za kupimia mito ambalo alilisoma garini bila kutapika, kipaji ambacho mimi sijajaliwa. Tulifika kwa Mama Yohana, tukamkuta mlangoni, na hakuniita kwa ile salamu yake.

"Wananiita mwongo, Tausi," akasema. "Hamisi amesimama sokoni akasema naandika namba za kijiji changu. Huyu Hamisi ambaye mwanangu alilala kwake wakati wa mafuriko."

"Tutapima," nikamwambia.

"Pimeni. Na mkiona nimedanganya, uchukueni ubao wenu mkaupike."

Tulianza na ubao. Kuna nguzo fupi ya saruji ukingoni ambayo tuliijenga kituo kilipoanza, haisogei, na kwa darubini ya kupimia usawa tunaweza kujua kama ubao umezama au umeng'olewa. Ubao ulikuwa palepale. Tukausoma wenyewe. Namba ilikuwa ile ile aliyoandika Mama Yohana asubuhi, chini kabisa ya mstari mwekundu, kwenye kipande cha chini tulichokuwa tumeongeza mwaka wa nyuma kwa sababu maji yalikuwa yameukimbia ubao wa kwanza.

Kwa hiyo Mama Yohana hakuwa mwongo. Neema alifunga buku lake kwa huzuni. "Basi ni bustani," akasema.

Ilikuwa tuishie hapo. Jedwali lilisema maji ni kidogo, ubao ni sahihi, kazi imekwisha. Lakini tulikuwa tumebeba kipima-mwendo, na nisiwadanganye, sababu iliyonifanya niingie majini ni kwamba chakula kilikuwa bado.

Nilivuka nikipima. Neema alikuwa anaandika ukingoni na kujumlisha. Nilipofika ng'ambo aliniita.

"Mama, hebu rudia. Nimekosea mahali."

Nikarudia. Akajumlisha tena, akakuna kichwa. Maji yaliyokuwa yanapita yalikuwa mengi, mengi karibu sawa na yale ya miaka ambayo hakuna aliyelalamika. Jedwali lilisema kikombe, propela ikasema ndoo. Nikafikiri chombo kimeharibika. Nikakifungua, nikakisafisha, nikakitia mafuta. Neema akavua viatu akaingia kupima yeye. Jibu likawa lile lile.

Tulikaa ukingoni tukautazama ule mto kama watu waliokuta mgeni kitandani. Neema ndiye aliyeuliza swali.

"Mama, kama kimo kimeshuka, na maji hayajapungua, kilichoshuka ni nini?"

Nilikuwa nimevaa mabuti ya mpira tangu asubuhi. Nikayavua, nikarudi majini na miguu mitupu. Hakuna kilichokimbia chini ya nyayo. Nilikuwa nimesimama juu ya kokoto, ngumu, zimepangana kama sakafu iliyotandikwa na fundi. Mto wa mchanga mweupe, niliouingia mara nyingi, haukuwa na mchanga.

Tulipima sakafu ya mto kutoka kwenye ile nguzo ya saruji, tukailinganisha na vipimo vya kituo kilipoanza. Ilikuwa imeshuka kiasi cha kumfika mtu kiunoni. Mto ulikuwa na maji yake yote. Ulikuwa umeteremka nayo.

Ninawaomba mnisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wa kazi yetu hukimbilia kushangilia. Tulikuwa na jibu la nini, hatukuwa na jibu la kwa nini. Mchanga huondoka kwa njia nyingi. Siku hizi Dodoma inajengwa usiku na mchana, malori ya mchanga yanazunguka kila korongo, na Neema alisema wazi: "Labda wamechota." Ilikuwa hoja nzuri. Kama malori ndiyo, mashimo yangekuwa makubwa pale barabara inapofika mtoni. Kama ni bwawa, basi mto ungekuwa umechimbika zaidi karibu na ukuta, na kupungua kadiri unavyoshuka. Ilibidi kutembea.

Na mimi nikapata wazo ambalo Neema aliliona la kichaa: twende na Mama Yohana na Bwana Hamisi, wote wawili.

"Watapigana njiani," akasema.

"Kwenye mchanga ndiyo. Kwenye kokoto watachoka mapema."

Hamisi alikuja na kofia yake ya kufumwa na uso wa mtu anayekwenda mahakamani. Alinisalimia vizuri, kwa sababu alimjua marehemu baba yangu, akamsalimia Neema, kisha akasema kuelekea kwenye mti, "Hamjambo na wengine." Mama Yohana akaujibu mti, "Hatujambo."

Tulianzia ukutani mwa bwawa tukashuka na mto. Maji yaliyokuwa yanatoka kwenye bomba yalikuwa meupe kama ya chupa. Na kingo zile, jamani. Pale karibu na ukuta mto ulikuwa ndani ya handaki lililochimbika kupita vichwa vyetu. Mkuyu mmoja mkubwa ulisimama na mizizi yake yote nje, inaning'inia hewani kama nywele. Kulikuwa na kivuko cha zamani cha ng'ombe, njia yao ilikuwa bado imekanyagika juu, inafika ukingoni na kukatikia hewani. Lori halingeweza kufika pale hata likibebwa.

Tukafika kwenye bustani ya Hamisi. Kulikuwa na jukwaa la saruji ambako aliweka pampu yake miaka ya kwanza. Lilikuwa limebaki juu, upande mmoja hauna kitu chini. Hatua chache chini kulikuwa na jukwaa la pili, la mbao, nalo limeachwa. Pampu yenyewe ilikuwa chini zaidi, kwenye ngazi aliyoichonga udongoni.

"Hii ngazi ni ya lini?" nikamuuliza.

"Ya mwaka huu. Kila mwaka naongeza mpira wa kuvutia maji. Na ukingo unadondoka, nimepoteza safu nzima za vitunguu upande ule. Nilidhani ni laana ya watu fulani."

Mama Yohana alikuwa amesimama akilitazama lile jukwaa la kwanza. Akalitazama la pili. Akaitazama pampu. Kwa mara ya kwanza siku ile alimgeukia Hamisi mwenyewe, mti ukapumzika.

"Kwa hiyo na wewe unayafuata chini?"

"Nayafuata kila mwaka, mama."

"Na mimi nilidhani unayachukua."

"Na mimi nilidhani unayaandika unavyotaka."

Hakuna aliyeomba radhi. Watu wa kwetu hawaombi radhi wakiwa wamesimama juani. Lakini kutoka pale walitembea pamoja, na mimi na Neema tukawa nyuma na utepe wetu, tukipima. Kila tulipopata alama ya zamani, mizizi, kivuko, msingi wa daraja dogo la miguu, tulipima mto ulivyoteremka kutoka hapo. Karibu na ukuta ulikuwa umeteremka kupita kimo cha mtu. Katikati, kifuani. Kwenye ubao, kiunoni. Mbele zaidi ya kijiji, kuna korongo kubwa linaloingia kutoka pembeni, halijazuiwa na chochote, na chini ya hapo mto ulikuwa na mchanga wake kama zamani. Neema alichora mstari wa vipimo vile kwenye karatasi juu ya boneti ya gari, mteremko ulionyooka vizuri, akacheka peke yake kwa furaha. Ninaijua furaha ile. Inalipa kuliko mshahara, ingawa dukani hawaipokei.

Ilibaki sehemu moja. Tulizunguka na gari mpaka nyuma ya bwawa, mahali mto unapoingilia. Tulikuta uwanda wa mchanga, mpana, mweupe, umeenea mpaka maji yalipoanza. Watu walikuwa wameshapanda matikiti juu yake. Mama Yohana alishuka, akatembea mpaka katikati, akainama akachota mchanga kwa viganja viwili. Aliuacha uchuruzike.

"Huu ni wa kwetu," akasema.

Hamisi alivua kofia akajipangusa uso. "Umezuiliwa hapa wote?"

"Karibu wote," Neema akajibu. "Maji yakifika bwawani yanatulia, yanauweka chini. Yanayotoka kule hayana kitu. Yana nguvu zilezile za kubeba, kwa hiyo yanabeba sakafu ya mto wenu. Mchanga mwepesi wanauondoa kwanza, kokoto nzito zinabaki."

"Hayo maji yanauondoa," nikamrekebisha, kwa sababu nilishaona anaanza kuyasema maji kama watu. Mimi mwenyewe nilikuwa nayaona hivyo hivyo.

Mkutano ulifanyika chini ya turubai la shule. Walikuja pande zote mbili, wakakaa pande mbili. Waliokuja na agizo walikuwa na haraka. Walitaka neno moja, yanaibwa au hayaibwi. Neema alieleza vizuri, akaonyesha mchoro wake, na mimi nikasema tulivyopima. Mzee mmoja wa kijiji cha chini akasimama kwa hasira.

"Mnatuambia maji yapo?"

"Yapo, mzee."

"Mfereji wangu mkavu. Nimwagilie kwa hiyo karatasi?"

Watu wakacheka, na mimi nilitamani kucheka, lakini mzee alikuwa amegusa penyewe. Tulikuwa tumewaokoa watu wa bustani kwa kuonyesha hawakuiba, na hatukuwa tumempa mtu wa mfereji hata tone. Mdomo wa mfereji wake ulikuwa umebaki juu, mto unapita chini yake. Ukweli wetu ulikuwa unaufaa upande mmoja tu.

Aliyeuokoa mkutano ni Mama Yohana. Alisimama bila kuitwa.

"Mimi ndiye msoma ubao. Nimetembea na hawa kwa miguu yangu. Hamisi hakuiba maji. Ningependa awe ameiba, tungemkamata leo, kesho tungelima. Lakini hakuiba. Mto umeteremka, umetuacha sisi, na unambomolea yeye. Mkizing'oa bustani zake, mfereji wangu hautapata kitu. Basi msituulize nani mwizi. Tuulizeni tutaupandishaje mto."

Agizo likasimamishwa. Halikufutwa siku ile, karatasi hazifi haraka namna hiyo, ila likasimamishwa na baadaye likalala lenyewe. Ule mstari mwekundu tuliufuta, na makubaliano yakaandikwa upya kwa kiasi cha maji kinachopimwa, siyo kwa namba ya ubao. Ikawa lazima twende kupima mara kwa mara, dereva akalalamika, mimi nikapata mlenda.

Kuupandisha mto kulichukua muda. Neema alisanifu kizingiti cha mawe, masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, yanayokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo, hatua chache chini ya mfereji, ili maji yasizidi kuchimba na mchanga wowote unaokuja ukae nyuma yake. Swali lilikuwa mchanga upi, kama bwawa limeushika wote. Tulitembea tena. Kati ya bwawa na kijiji kuna vijikorongo vidogo vya pembeni ambavyo mvua ikinyesha huleta mchanga kidogo, ambao maji ya bwawa yalikuwa yanaufagia ukapita. Tukasema tuujaribu huo.

Watu wa bustani walileta mawe kwa matoroli, kwa sababu Hamisi aliwaambia wazi kwamba mto ukiendelea kuteremka watalima hewani. Kizingiti cha kwanza kilidumu mvua moja. Mto ulikizunguka, ukala ukingo wa kushoto, tukakikuta kimesimama kizuri katikati kama ukuta wa nyumba ya jirani. Neema alilia garini. Nilimwacha alie mpaka njiapanda, kisha tukanunua karanga. Kizingiti cha pili tulikiingiza ndani ya kingo zote mbili, mbali, na kukipa kifua kipana upande wa chini maji yanapoangukia. Hicho kilikaa.

Mambo hayakurudi yote. Bustani tatu za juu zimeachwa, ukingo uliendelea kudondoka. Mzee wa mkutano alihamia kwa mwanawe mjini kabla mfereji haujapata maji, na hakuyaona. Siku zangu za mwisho kazini sakafu nyuma ya kizingiti ilikuwa imepanda kidogo tu, na jedwali la kituo lilikuwa halifai tena, ikabidi lianzwe upya. Kazi hiyo nimewaachia ninyi. Msinishukuru.

Nimestaafu, lakini Mama Yohana hajakubali. Nilimwambia kwamba sasa namba apeleke kwa vijana wa ofisini. Anapeleka, kisha ananipigia mimi ili nizisikie. Wiki iliyopita simu iliita nikiwa natwanga kisamvu.

"Mbukwenyi! Tausi, ubao wako umeniletea matatizo."

"Umeanguka?"

"Haujaanguka. Mvua imepita, maji ya juu yamekwisha, nimekwenda kusoma, kile kipande cha chini sikioni. Kimefunikwa."

"Na nini?"

"Na mchanga! Umejaa mpaka kwenye kizingiti, mweupe. Nimejaribu kuchimba kwa mkono nitafute namba. Nikichimba, shimo linajaa maji. Hapa nilipo wameshakuja akina mama wawili na ndoo, wananitazama. Sasa wewe mtaalamu niambie. Nisome au nichote?"

Nilikaa chini na mchi wangu mkononi. Nilitaka kumwuliza maji yamejaa kwa kasi gani, mchanga ni wa chembe gani, umefika umbali gani kutoka ile nguzo ya saruji. Nyuma yake nilisikia ndoo inagonga jiwe na mtu anacheka.

"Chota kwanza," nikamwambia. "Halafu unieleze kila kitu."